Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Nyuma

Mimi ni mpima ardhi, na ubaya wangu ni mmoja: siwezi kunyamaza nikiwa najua kipimo cha kitu. Mtu akisema barabara fulani ni ndefu, nitamwambia ni kilomita ngapi. Akisema mlima ni mkali, nitamwambia ni asilimia ngapi. Mke wangu husema siku yangu ikifika nitainuka kidogo jenezani niwasahihishe wachimbaji kina cha kaburi. Ni mdomo huohuo ulionifikisha, Jumapili moja ya kiangazi, kwenye mlima wenye msitu, juu ya baiskeli ya watu wawili, mama mkwe wangu akiwa amekaa nyuma yangu.

Mlima wenyewe unaonekana kutoka kila dirisha la mji wetu linalotazama mashariki. Lami inaingia msituni kwenye geti la idara ya misitu, inapanda kilomita kumi na mbili kwa kona kumi na tisa, inafika kileleni penye mnara wa simu, kisha inateremka upande wa pili na kurudi mjini kwa njia ya darajani. Mzunguko mzima ni kilomita hamsini na sita. Nilikwisha uzunguka peke yangu mara kumi na moja, na kwa miaka miwili hakuna mgeni aliyekula mezani kwangu asiusikie. "Mlima ule hautaki mapafu," nilikuwa nikisema huku nikijimiminia chai. "Mapafu kila mtu anayo. Unataka miguu mizima." Mama mkwe alikuwa akisikiliza, anatafuna taratibu, hatii neno. Sikujua kwamba anayaweka maneno yangu akiba.

Yeye ni fundi cherehani. Duka lake ni chumba kimoja kinachotazama barabara, nyumba ya tatu kutoka kwetu: meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, nguo za watu zimening'inizwa kwenye bomba, na cherehani nyeusi ya kukanyaga iliyowekwa dirishani ili ipate mwanga. Amekaa kwenye cherehani hiyo miaka thelathini na minne. Ameshona sare za shule, suti za maharusi, mapazia ya wodi, na gauni la mke wangu la siku tuliyooana, ambalo alilifumua mara tatu kwa sababu hakuridhika na bega la kushoto. Siku moja niliinama nikapitisha kidole kwenye ile pedali ya chuma. Maua yaliyochongwa juu yake yalikuwa yamelika kabisa pale nyayo zinapokaa, pamebaki laini kama kijiko.

Msimu wa mvua uliopita alianguka humo dukani. Mke wangu ni muuguzi, na siku hiyo alikuwa anatoka zamu jioni akapita kumsalimu mama yake. Akamkuta chini, kando ya cherehani, kifundo cha mkono kimevunjika, amelala pale tangu saa nne asubuhi. Mke wangu ameona watu wengi wamelala chini, kazi yake ni hiyo. Lakini siku hiyo alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi ya jikoni bila kuvua viatu, akaniambia, "Nilidhani amekufa. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia." Mke wangu alikuwa amefunga duka kwa kufuli, na ufunguo ameutia kwenye shada lake la funguo. Miezi mitano ilipita na mlango ule haukufunguliwa.

"Niliteleza," mama mkwe alikuwa akisema kila alipoulizwa. "Nilikanyaga kipande cha bitana. Hariri. Hata wewe ungeteleza."

"Ndiyo, mama," kila mtu alimjibu, na hakuna aliyemwamini.

Kaka mkubwa wa mke wangu ni mwalimu mkuu, na hawezi kuitisha hata kikao cha familia bila kuandika ajenda. Alikuja na karatasi. Ajenda ya kwanza: miguu ya mama. Ajenda ya pili: duka lifungwe moja kwa moja, cherehani ipewe chuo cha ufundi. Ajenda ya tatu: mama ahamie kwake, mji wa mbali, kwenye chumba chenye zulia na televisheni. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake umelazwa mapajani, mwembamba tangu plasta itolewe. Halafu akaninyooshea kidole mimi, ambaye sikuwemo hata kwenye ajenda.

"Bwana Vipimo," alisema, maana ndivyo anavyoniita, "mlima ule unataka nini?"

"Miguu mizima, mama."

"Umesema mwenyewe. Na wewe una baiskeli ya watu wawili, inaota kutu uani."

Ni kweli nilikuwa nayo. Niliipata kwa mpima mwenzangu alipostaafu, nikitarajia kuzunguka na mke wangu. Mke wangu alipanda mara moja, akautazama mgongo wangu kilomita kumi, akasema ameuona wa kutosha.

"Nitauzunguka," mama mkwe aliendelea. "Kutoka getini mpaka mnarani mguu wangu hautagusa chini, wala wa mkwe wangu huyu. Nikishindwa, nitapanga nguo zangu siku hiyohiyo na sitalalamika. Nikiweza, mnanipa ufunguo wangu."

Mwalimu mkuu alicheka, kisha akaona mama yake hacheki. Akajikuna kidevu. "Lakini mtu wa nyuma anaweza kubebwa tu, mama. Anaweka miguu juu ya pedali, zinazunguka zenyewe. Nani atajua kama umekanyaga?"

"Mkwe wangu atajua. Mnamjua, hawezi kudanganya kipimo."

Shemeji akanitazama, nami nikajiona mtu mzito sana. "Nitasema nitakachokiona," nilimwambia. Jambo ambalo sikulitafakari ni kwamba mtu wa mbele haoni kitu chochote cha nyuma.

Tulijizoesha Jumapili sita, kwenye barabara ya tambarare na vilima vidogo vya nje ya mji. Ili mambo yaeleweke, lazima nieleze chombo chenyewe. Baiskeli ile ina minyororo miwili. Wa kushoto unaunganisha pedali zangu na pedali za nyuma, kwa hiyo miguu yetu huzunguka pamoja, tupende tusipende. Wa kulia unatoka kwenye pedali za nyuma unakwenda kwenye gurudumu. Usukani, gia na breki ni juu yangu. Mama mkwe hakuwa na cha kushika zaidi ya mpini uliofungwa chini ya tandiko langu, na hiyo ndiyo sababu ule mkono wake haukuwa tatizo.

Na tangu Jumapili ya kwanza nilikata shauri kwamba hakanyagi, kwa kuwa alikuwa anaongea. Alisimulia wateja wake wote. Alisimulia bwana harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuoa, na mama aliyetaka gauni limfiche tumbo na limwonyeshe kiuno, vyote viwili kwa kitambaa cha mita mbili. Mimi nilikuwa mbele nimelowa jasho, nahema, na nyuma yangu inakuja sauti tulivu kama ya mtu aliyekaa sebuleni. Mtu anayekanyaga kwelikweli hapati pumzi ya kusimulia harusi za watu. Nikajisemea, mzigo wote ninaubeba mimi. Na nilijisikia fahari, nisiseme uongo.

Jumamosi, siku moja kabla ya kupanda, nilikuwa uani nakaza mnyororo wa kushoto, ambao ulikuwa umelegea. Mke wangu akatoka na beseni la nguo, akaliweka chini, hakuanika.

"Nataka unifanyie jambo," alisema. "Weka mguu chini."

"Wapi?"

"Popote. Kona yoyote. Jifanye umeteleza, umeshikwa na misuli, utajua mwenyewe. Mguu wako ukigusa chini, ameshindwa, na itakuwa kosa lako, si lake. Hatajiona mzee."

"Unataka nimdanganye mama yako?"

"Nataka asife peke yake kwenye sakafu ile!" Alisema kwa nguvu hata jirani akachungulia juu ya ukuta. Kisha akashusha sauti. "Wewe hukumwona. Mimi ndiye niliyemwona."

Nilimjibu kwamba kona ya kumi na nne ina chemchemi, na lami pale huwa na maji. Mtu anaweza kuteleza. Akaanza kuanika nguo. Nami nikaendelea kukaza mnyororo, lakini akili yangu haikuwepo, na pini ya kuungia niliipiga nyundo mara mbili badala ya nne. Huo ndio ukweli wa ufundi wangu siku ile.

Tulipita getini saa moja na nusu asubuhi. Mlinzi wa msitu aliinua mti wa geti, akatutazama mimi na mama wa miaka sitini na tatu aliyevaa kofia ya baiskeli juu ya kitambaa cha kichwa na suruali aliyojishonea kwa sindano ya mkono, akatupigia saluti. Mama mkwe akaitika kwa kichwa kama waziri.

Kiangazi kilikuwa kimepamba moto. Mjini kila kitu kilikuwa kimekauka hadi kuwa rangi ya mkate, lakini msituni palikuwa na kivuli, na joto lilinukia utomvu. Miti imepanda pande zote mbili za barabara, mirefu, imenyooka, majani yake ya sindano yamejaa kandokando ya lami. Jua lilipenya vipande vipande. Kila tulipotoka kwenye kivuli tukaingia kwenye jua, nilihisi kama mtu amefungua mlango wa tanuri, na kila tuliporudi kivulini nilimshukuru Mungu kwa sauti.

"Hii ni asilimia ngapi?" aliuliza mama mkwe kwenye kona ya tatu.

"Sita."

"Kwangu hii ni mfuko wa shati. Unashona huku unawaza mengine."

Kona ya saba ilikuwa asilimia nane, naye akasema ni suruali. Kona ya tisa, ambapo barabara inajikunja hadi unaona chini yako lami uliyoipita dakika tatu zilizopita, ni asilimia kumi na moja. Mimi hapo huwa nasimama juu ya pedali, lakini kwenye baiskeli ya wawili huwezi kusimama bila kumwambia mwenzako. Nilikaa. Mapaja yalikuwa yanawaka. Jasho liliniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta.

"Na hii, mama?" nilimuuliza kwa shida.

Alifikiri kidogo. "Koti. Bado halina bitana." Kisha akaendelea na habari ya bibi mmoja aliyeleta suruali za waume wawili, marehemu na aliye hai, akitaka ziwe na kiuno kimoja.

Niliudhika. Nasema wazi, niliudhika. Nilikuwa navuta baiskeli, mimi mwenyewe, mtu mzima nyuma yangu, na suruali za waume wawili, na kule nyumbani nitatakiwa niseme kama amekanyaga. Nikajiambia kumbe mke wangu yuko sahihi. Nitaweka mguu chini kwenye chemchemi, na ikibidi nitasema ukweli wangu, kwamba mama alibebwa.

Tulifika kona ya kumi na nne kama saa mbili na nusu. Maji yalikuwa yanatoka kwenye mwamba, yanavuka lami, yanametameta. Nililegeza kiatu cha kulia kwenye pedali. Nilikuwa nimekwisha chagua na mahali pa kukanyaga, penye changarawe.

Wakati huo mama mkwe akanyamaza, mara ya kwanza tangu getini. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Ndipo hapa."

"Ndipo wapi, mama?"

"Kutoka dirishani kwangu barabara hii naiona mpaka hapa. Inaonekana kama uzi. Miaka thelathini na minne nikiinua kichwa nauona uzi, unapanda, unapanda, halafu unaingia nyuma ya miti hii na sijui unakwenda wapi. Kuanzia hapa sijui chochote." Akacheka kidogo. "Haya, Bwana Vipimo. Nionyeshe."

Mguu wangu ulirudi kwenye pedali wenyewe. Nilijiambia nitauweka chini kwenye kona ya kumi na tano, na kwenye ya kumi na tano nikasema ya kumi na sita. Mtu mwoga huwa na kona nyingi za kuahirishia.

Ilikuwa baada ya kona ya kumi na nane, pale mnara wa simu unapoanza kuonekana kati ya vilele vya miti, nilipohisi kitu kimekatika chini ya mguu wangu wa kushoto. Palilia "ta!" kidogo tu. Pedali zangu zikazunguka bure, nyepesi kabisa, kama nimekanyaga hewa. Nilitazama chini nikauona mnyororo wa kushoto umelala nyuma yetu barabarani, mweusi, umejinyoosha. Ile pini niliyoipiga nyundo mara mbili ilikuwa imeondoka zake.

Nilisubiri baiskeli isimame. Barabara pale ni asilimia saba, jua linapiga moja kwa moja, hakuna kivuli. Baiskeli isiyokanyagwa kwenye mwinuko wa namna ile inasimama baada ya hatua mbili. Nikatayarisha mguu.

Haikusimama.

Iliendelea kupanda, kwa mwendo uleule. Miguu yangu ilikuwa imetulia kabisa, na miti ilikuwa inarudi nyuma, mmoja mmoja. Nilihisi tandiko langu likisukumwa kutoka chini kwa mpigo uliosawazika, mpigo ambao nimeusikia miaka yote nikipita mbele ya dirisha lile na sikuwahi kuujali. Hapo ndipo nilipoelewa ni nani aliyekuwa anambeba mwenzake tangu getini, na Jumapili sita zilizopita.

"Mama," nilisema. "Mnyororo wangu umekatika."

"Wako au wangu?"

"Wangu. Wa kushoto."

"Wangu upo?"

"Upo."

"Basi tazama mbele."

"Mama, tunaweza kusimama. Hii ni hitilafu ya chombo, hakuna atakayekulaumu."

"Nani kakuuliza habari za kulaumiwa?" Sasa pumzi yake ilikuwa inakatika, na maneno yalikuja mojamoja. "Nimeuliza kama wangu upo. Tazama mbele. Usiniyumbishe."

Basi nikafanya kazi pekee iliyobaki, nikashika usukani. Nilimchagulia lami iliyo laini. Nilikwepa kila jiwe, kila ufa, kila sindano ya msonobari kama ningeweza. Kwa mwendo ule mdogo baiskeli ndefu inataka kuanguka kila sekunde. Nyuma yangu kulikuwa na kimya cha mtu anayefanya kazi. Hakuna bwana harusi, hakuna suruali. Pumzi tu, na mpigo ule wa nyayo, kisigino na vidole, kisigino na vidole, usiopungua. Nilimsikia akinong'ona mara moja, "Hili sasa ndilo lenye bitana."

Nimewapigia makofi vijana wenye mapaja kama magogo wakipanda mlima ule kwa dakika arobaini na tano. Wote niliwasahau pale pale. Ningeweza kulia, na nadhani nililia kidogo, ingawa jasho lilikuwa jingi na hakuna awezaye kuthibitisha.

Alitusukuma mpaka chini ya mnara. Aliposema "Simama," nilisimama, naye akashuka, akajishikilia kwenye nguzo ya uzio, akainama, akahema kwa muda mrefu. Nilimpa maji. Alikunywa nusu, nusu nyingine akajimwagia shingoni.

Nikamwacha ameketi kwenye jiwe, nikarudi chini kwa miguu kuuokota mnyororo. Nilipokuwa napanda tena nikahesabu hatua zangu, maana hatua yangu naijua kwa sentimita. Mita mia nne na ishirini. Nimepima mashamba ya watu, barabara, viwanja vya ndege. Sijawahi kupima kitu kwa heshima kama ile.

"Ngapi?" aliniuliza nilipofika. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Nilidhani ni zaidi. Mwanzoni hata sikujua umekatika. Nilifikiri umepumzika kidogo, kama kawaida yako."

"Kama kawaida yangu?"

"Huwa unapumzika kwenye kona. Nami nakusaidia. Sikutaka kukuvunja moyo, ndiyo maana nikawa nakusimulia hadithi."

Tulikaa tukautazama mji kule chini, mabati yanawaka jua. Aliniuliza dirisha lake liko wapi, nikamwonyesha: fuata daraja, hesabu barabara tatu, paa jekundu. Alilitazama kwa makini huku amefinya macho.

"Binti yangu alikwambia unisimamishe kona ya ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

Nikakiri: "Ya kumi na nne."

"Hm." Alitoa jani kavu kwenye suruali yake. "Yeye ndiye aliyeanguka siku ile. Mimi niliteleza tu, nikalala pale nikahesabu vifungo kwenye kopo. Yeye bado hajainuka." Kisha akavaa kofia yake. "Twende. Njaa inauma."

Pini ilikuwa imepotea na sikuwa na nyingine, kwa hiyo mnyororo niliutia mfukoni, na upande wa pili wa mlima tuliteremka hivyohivyo. Kuteremka hakuhitaji miguu. Breki zilitoa harufu, upepo ulipoa, mama mkwe alipiga kelele kwenye kila kona kama msichana na kuniamuru niongeze mwendo. Lakini kutoka chini ya mlima hadi mjini kuna kilomita kumi na tisa za tambarare, na zote, kila mita, alizikanyaga yeye peke yake. Mara mbili nilimwomba tupumzike. Mara ya tatu aliniambia nikinyamaza tutafika haraka.

Tulipoingia barabara yetu niliwaona kwa mbali. Mwalimu mkuu amesimama mbele ya nyumba na saa mkononi, mke wangu pembeni yake, bado na sare ya zamu, amekunja mikono kifuani, na majirani wote wametoka, maana habari ilikuwa imeenea. Na hapo, nikiri, shetani alinipitia. Pedali zangu zilikuwa zinazunguka bure. Kama ningezizungusha tu, kwa mwendo wa mtu anayefanya kazi, hakuna ambaye angejua. Ningeingia barabara yetu kama nilivyojisifu miaka miwili, mtu wa mbele aliyemzungusha mama mkwe wake mlima mzima, na mezani ningesema kwa upole kwamba ndiyo, alikanyaga naye, alijitahidi. Miguu yangu ilianza kabisa kuzunguka.

Kisha nikasikia ile pumzi nyuma yangu. Nikaiondoa miguu kwenye pedali, nikainyoosha yote miwili hewani, mmoja kushoto, mmoja kulia, kama mtoto anayebebwa kupelekwa shule, na hivyo ndivyo nilivyoingia barabarani kwetu mbele ya macho ya kila mtu.

Watu walianza kucheka, halafu kicheko kikafa chenyewe. Waliona baiskeli inakwenda. Waliona miguu yangu iko hewani. Wakatazama nyuma.

"Shemeji!" mwalimu mkuu alipaza sauti. "Mbona hukanyagi?"

"Muulize mama yako!" nilijibu, nikautoa mnyororo mfukoni nikauinua juu. "Tangu kona ya kumi na nane! Mimi ni abiria!"

Shemeji aliishusha saa yake. Karatasi ya ajenda, kama alikuwa nayo, sikuiona.

Nilishika breki mbele ya mlango wetu. "Nani kakwambia usimame?" mama mkwe alifoka. "Nipeleke dukani." Nikaachia breki, naye akakanyaga, tukawapita wote. Mke wangu alitutazama tunapita, akaitazama miguu ya mama yake, inapanda, inashuka. Halafu akakimbia. Alikimbia kando yetu nyumba tatu zote huku anahangaika kuutoa ufunguo kwenye shada, vidole havimtii, machozi yanamtoka, na tulipofika mlangoni alikuwa ameutoa.

"Fungua mwenyewe," mama yake alimwambia. "Ulifunga wewe."

Mke wangu akafungua kufuli. Alisukuma mlango, kisha akasimama palepale kizingitini, kama alivyosimama siku ile ya mvua. Ndani palikuwa na vumbi na harufu ya mafuta ya cherehani. Kila kitu kilikuwa kama kilivyoachwa: kiti kimepinduka, mkasi mezani, kopo la vifungo chini. Na mbele ya cherehani, sakafuni, palikuwa na kipande cha bitana ya hariri, rangi ya bluu, kimejikunja mikunjo mikunjo upande mmoja pale kisigino kilipokivuta.

Mke wangu aliingia. Alipita kwenye sakafu ile hatua kwa hatua, akachuchumaa, akakiokota. Alikishika kwa mikono miwili muda mrefu.

"Uliteleza," alisema.

"Nimekuwa nikiwaambia miezi mitano." Mama mkwe alimshika begani akaegemea kidogo, kwa kuwa miguu, hata ile, ilikuwa imechoka. "Kesho mchana njoo ule chakula na mimi hapa. Kila siku, ukitaka. Uje uone sakafu yako."

Mke wangu alikikunja kile kitambaa mara mbili akakitia kwenye mfuko wa sare yake, akainua kiti kilichopinduka, akakifuta vumbi kwa kiganja. Mama mkwe akaketi. Akaweka nyayo zake kwenye ile pedali iliyolika, hakuikanyaga, akaziweka tu.

"Bwana Vipimo," aliniita bila kugeuka, "nipe futi yangu hapo ukutani. Na usinizibie mwanga."